Dhambi Yenye Jina

Kila Jumapili, katika ibada ya kanisa letu la Kilutheri, huja wakati ambapo sote tunainamisha vichwa na kuungama dhambi zetu kwa sauti moja. Maneno yenyewe yamo kitabuni, nasi wazee tumeyashika kwa moyo. Siku moja niliyapimia saa; hayakufika dakika moja. Baada ya hapo mchungaji hututangazia ondoleo la dhambi, kwaya huimba, na ibada huendelea. Nimeungama kwa namna hiyo kwa zaidi ya miaka 50, tangu nilipopata kipaimara nikiwa kijana.

Sitaki mtu adhani kwamba nayadharau maungamo hayo. Ni mema, na yamewatuliza wengi. Lakini kwa muda mrefu ilikuwapo dhambi yangu moja yenye tarehe, yenye mahali, na yenye jina la mtu, nayo ilijificha ndani ya maneno yale ya wote, kama mwizi anavyojificha katika msongamano wa gulio. Aliyenisaidia kuitoa humo ni Mjerumani mmoja ambaye alikwisha kunyongwa kabla mimi sijazaliwa. Katika kurasa hizi nataka kueleza habari zake kwanza, kisha zangu, kwa maana zake ndizo zilizonionyesha zangu.

Jina lake ni Dietrich Bonhoeffer. Alizaliwa tarehe 4 Februari 1906 katika mji wa Breslau, ambao siku hizi unaitwa Wrocław na umo nchini Poland. Alizaliwa pacha pamoja na dada yake, Sabine. Baba yao alikuwa daktari na profesa wa magonjwa ya akili, na watoto walikulia Berlin katika nyumba ya watu wasomi. Dietrich alipata shahada ya udaktari wa teolojia mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 21 tu. Mwaka 1930 alikwenda New York kwa masomo ya mwaka mmoja, na huko akawa anasali na Wamarekani weusi katika kanisa la Kibaptisti la Abyssinia, mtaa wa Harlem, akifundisha watoto wao shule ya Jumapili. Huko aliona kwa macho yake jinsi Wakristo wanavyoweza kumwimbia Bwana mmoja huku wakibaguana kwa rangi.

Sisi wa milima ya Usambara tuna uhusiano mdogo na habari zake. Wamisionari wa Kilutheri walifika Mlalo mwaka 1891, na chama kilichowatuma baadaye kilihamia Bethel, mahali palipojulikana kwa kutunza wagonjwa wa kifafa. Babu zetu walilitaja jina la Bethel kama watu wanaotaja kijiji cha wajomba. Mwezi Agosti 1933 Bonhoeffer alikaa huko Bethel pamoja na wenzake, wakiandika ukiri wa imani wa kupinga mafundisho yaliyochanganya Injili na siasa ya Hitler. Andiko hilo lilipopitia mikono ya wengine likapunguzwa makali, yeye alikataa kulitia sahihi. Hivyo ndivyo watu wengi wanavyomjua, yaani mtu aliyekataa. Mimi pia nilimjua hivyo, mpaka mchungaji mmoja kijana aliponiazima kitabu cha maisha yake, nikasoma habari ya mazishi.

Hitler alishika madaraka tarehe 30 Januari 1933. Tarehe 1 Aprili wafuasi wake walisimama mbele ya maduka ya Wayahudi wakiwazuia watu wasiingie kununua. Bibi yake Bonhoeffer, aliyekuwa amefikia miaka 90, aliwapita wanaume wale akaingia dukani kufanya ununuzi wake kama siku zote. Tarehe 7 Aprili ikatoka sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika kazi za serikali, na upesi kukawa na watu waliotaka kanisa nalo lifuate kifungu hicho. Bonhoeffer aliandika mwezi huohuo kwamba kanisa lina wajibu kwa kila anayeonewa na dola, hata kama si Mkristo, na kwamba huenda ikalazimu si kuwafunga majeraha tu walioangukiwa na gurudumu, bali kulizuia gurudumu lenyewe. Katika Ujerumani ya wakati ule ni wachache sana waliosema hivyo.

Sasa angalia jambo hili, ndugu msomaji. Pacha wake, Sabine, alikuwa ameolewa na Gerhard Leibholz, mwanasheria. Gerhard alikuwa Mkristo aliyebatizwa, lakini wa ukoo wa Kiyahudi. Katika mwezi huohuo wa Aprili 1933 baba yake Gerhard alifariki. Mzee huyo hakuwa amebatizwa. Familia ikamwomba Dietrich, mchungaji wa nyumbani, shemeji wa mfiwa, aongoze mazishi. Dietrich akaenda kuuliza kwa mkuu wake wa kanisa. Mkuu akamshauri asifanye hivyo, hasa katika siku kama zile. Naye akatii. Mzee akazikwa bila yeye kuongoza.

Kwa hiyo mtu aliyeandika kwamba kanisa liwatetee wote wanaoonewa, alipoletewa Myahudi mmoja, tena maiti, tena baba wa shemeji yake, aliogopa. Hakumpiga mtu wala hakumtukana. Alifuata utaratibu tu. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikakaa kimya. Sababu yake nitaieleza.

Mwezi Oktoba mwaka huo Bonhoeffer alihamia London kuwa mchungaji wa sharika mbili za Wajerumani. Akiwa huko, mwezi Novemba 1933, aliwaandikia Gerhard na Sabine barua. Aliwaambia kwamba jambo lile linamsumbua, kwamba hawezi tena kuelewa ilikuwaje akaogopa kiasi kile, kwamba angepaswa kufanya kinyume kabisa, na kwamba jambo kama hilo halirudiwi likatengenezwa. Akawaomba wamsamehe udhaifu wake. Hakumtupia lawama mkuu wake, ingawa ushauri ulitoka kwake. Hakutaja hatari ya nyakati, ingawa hatari ilikuwako. Alilitaja kosa, akasema ni langu, akalipeleka kwa wenyewe.

Miaka 4 baadaye, mwaka 1937, Bonhoeffer alitoa kitabu chake juu ya kumfuata Kristo, ambacho kinaanza na mafundisho juu ya neema rahisi na neema ya gharama. Wahubiri wetu wengi hupenda kuyataja mafundisho hayo, na mara nyingine huyapotosha, wakadhani kwamba Bonhoeffer anataka tuilipie neema kwa matendo mema. La. Yeye alikuwa Mlutheri, na alijua kwamba neema ni ya bure. Luther aliinuka mwaka 1517 kwa sababu watu walikuwa wakiuziwa vyeti vya msamaha, na hoja ya kwanza kati ya hoja zake 95 inafundisha kwamba maisha yote ya mwamini yawe toba. Bonhoeffer aliona kwamba Walutheri walikuwa wameliondoa duka la vyeti na kuleta kitu kibaya zaidi, yaani msamaha ambao hauhitaji hata mtu ajue anasamehewa nini. Neema rahisi huihesabia haki dhambi, na mwenye dhambi hubaki alivyo. Neema ya kweli humhesabia haki mwenye dhambi, nayo dhambi yake huihukumu kuwa dhambi. Ni ya bure kwetu, lakini Mungu ilimgharimu Mwanawe.

Wakati huo alikuwa akiongoza chuo kidogo cha wachungaji huko Finkenwalde, karibu na mji wa Stettin, kwa ajili ya Kanisa la Ukiri, yaani wale waliokataa kanisa kuwa chombo cha serikali. Humo aliwafundisha wanafunzi wake kuungama dhambi mtu kwa mwenzake. Waliona ni jambo geni, wengine walidhani ni la Kikatoliki, ingawa Katekisimo Ndogo ya Luther, ambayo hata sisi tuliikariri, inayo sehemu yake juu ya maungamo. Siku moja yeye mwenyewe, mkuu wa chuo, alimwomba mmoja wa wanafunzi asikilize ungamo lake. Polisi wa siri, Gestapo, walikifunga chuo mwaka 1937.

Mwaka uliofuata hali ya Wayahudi ilizidi kuwa mbaya. Gerhard alikuwa amekwisha kuondolewa katika kazi yake ya uprofesa huko Göttingen. Mwezi Septemba 1938 yeye na Sabine na binti zao wawili walikimbia nchi, na Dietrich aliwasindikiza sehemu ya njia. Kisha akarudi katika nyumba yao waliyoiacha, akakaa humo majuma machache, na humo akaandika kitabu chake juu ya maisha ya Wakristo pamoja, kilichotoka mwaka 1939. Sura ya mwisho ya kitabu hicho inahusu maungamo na Chakula cha Bwana. Anafundisha kwamba dhambi hupenda kumweka mtu peke yake, na kwamba anayeungama mbele ya Mungu tu, kimyakimya, ajiulize kama pengine hajiungamii na kujisamehe mwenyewe. Mbele ya ndugu mwenye masikio, dhambi haina pa kujificha. Basi fikiri: maneno hayo aliyaandika katika nyumba ya Gerhard na Sabine, wale aliowaomba msamaha, huku wao wakiwa wamekimbia kwa sababu ya ukoo uleule uliomtia yeye hofu mwaka 1933.

Yaliyobaki yanajulikana. Mwaka 1939 alikuwa salama Marekani, akarudi kwao baada ya majuma machache. Aliingia katika njama ya kumwondoa Hitler. Katika maandishi yake juu ya maadili hakudai kwamba kusema uongo na kupanga kuua kumekuwa haki kwa sababu adui ni mwovu. Alisema kwamba kuna wakati mtu hubeba hatia kwa ajili ya wengine, naye hujitupa kwenye rehema ya Mungu. Alikamatwa tarehe 5 Aprili 1943, akanyongwa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, akiwa na miaka 39.

Katika maandishi hayohayo aliacha ungamo aliloandika kwa niaba ya kanisa, akitaja dhambi zake moja moja, pamoja na hatia ya damu ya ndugu wa Kristo walio dhaifu kabisa na wasio na mtetezi. Vita ilipokwisha, viongozi wa kanisa la Ujerumani walikutana Stuttgart mwezi Oktoba 1945 wakatoa tamko la hatia. Lilikuwa jambo kubwa, na Wajerumani wengi walikasirika kwamba limesema mengi mno. Hata hivyo neno Wayahudi halimo. Waliungama kwamba mataifa mengi yameteseka kwa ajili yao, kwamba hawakukiri kwa ujasiri wa kutosha, hawakuomba kwa uaminifu wa kutosha. Ilichukua miaka mingine 5, hadi sinodi ya Berlin-Weißensee mwaka 1950, kanisa hilo kutaja kwa jina hatia yake juu ya Wayahudi. Ndiyo maana nasema kwamba kuungama kwa jumla ni rahisi kuliko kuungama kwa jina, kwa taifa na kwa mtu mmoja.

Afrika Mashariki nayo ilijifunza jambo hili katika miaka ileile ya 1930. Uamsho ulioanzia Gahini, nchini Rwanda, ulienea Uganda, ukafika Bukoba na Kenya, na watu walisimama mbele ya wenzao wakataja dhambi zao kwa majina: mbuzi niliyeiba, fedha nilizoficha, chuki niliyomwekea fulani. Wengi walirudisha vitu vya watu. Lakini mwaka 1994, katika nchi hiyohiyo ya Rwanda, watu walichinjwa hata ndani ya makanisa, na waliobatizwa wakiwamo miongoni mwa wauaji. Ungamo la baba halimkingi mtoto, na la jana halitoshi leo.

Sasa nije kwangu. Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na katibu wa baraza la wazee wa usharika wetu. Nilikuwa na ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, aliyenizidi miaka michache. Alikuwa fundi seremala hodari. Mabenchi ya kanisa letu ni kazi ya mikono yake, mbao za mkulo, na mengine aliyatengeneza bila kudai ujira. Baadaye alioa mke wa pili, akatengwa. Hakuacha kuja kanisani. Alikaa nyuma karibu na mlango, na wakati wa Chakula cha Bwana alitoka nje taratibu.

Akafa ghafla. Mkewe wa kwanza, aliyekuwa wa ndoa, alimtuma mwanawe kuomba kengele ipigwe na sala isomwe kaburini. Wazee tukakutana. Mmoja alisema marehemu hakurudishwa kundini, na taratibu zinajulikana. Mwingine alisema tukilegeza leo, kesho tutasema nini. Mimi nilijua kwamba ndugu yangu alikuwa amenieleza mara mbili kuwa anatamani kurudishwa, na mara zote mbili nilimwambia angoje. Neno hilo sikulisema mle kikaoni. Niliogopa kuambiwa kwamba natetea ukoo. Nikachukua kalamu nikaandika jibu la kukataa, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Tulikuwa tumeketi juu ya mabenchi aliyoyatengeneza.

Alizikwa bila kengele. Mimi nilibaki shuleni nikisahihisha madaftari, nikijiambia kwamba sikuamua peke yangu. Jumapili iliyofuata niliungama pamoja na usharika wote, nikatangaziwa ondoleo, nikaenda mezani pa Bwana. Niliendelea hivyo miaka 31.

Ndiyo sababu nilipousoma mkasa wa Bonhoeffer nilikifunga kitabu. Tulikuwa tumetenda jambo moja, ila yeye alikaa na dhambi yake miezi 7, mimi miaka 31. Yeye akiwa ng'ambo ya bahari aliandika barua. Mimi nilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Nilikwenda siku ya Alhamisi, mwaka 2019. Shemeji yangu alikuwa amezeeka, akichambua maharage barazani. Tulisalimiana, akaniletea kigoda. Nikamwambia, "Shemeji, barua ile ya kukataa mazishi niliiandika mimi. Na ndugu yangu alikuwa ameniomba arudishwe, nikanyamaza kikaoni. Nimekuja kukuomba msamaha."

Aliendelea kuchambua maharage kwa muda. Kisha akasema, "Mwandiko wako niliujua siku ileile, Shemeji. Wewe ndiwe uliyewafundisha watoto wangu kuandika." Akanyamaza tena. "Yule bwana alinikosea mimi. Aliponiletea mke mwenzangu, nililia miaka. Lakini kabla hajafa nilikuwa nimemsamehe. Mimi niliyekosewa nilisamehe, ninyi mkakataa. Hilo ndilo lililonishinda kulielewa."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Hakusema amenisamehe. Nami sikumhimiza, maana msamaha ni mali ya aliyekosewa, haudaiwi kama deni. Nilipoinuka kuondoka aliniambia nije Jumamosi, na nije na kitabu. Nilikwenda. Watoto na wajukuu walikuwapo, na mke mdogo pia. Nikasoma pale kaburini sala ambazo zingesomwa mwaka 1988, na kabla ya kuanza niliwaeleza wote kwa nini hazikusomwa. Mwanawe mkubwa hakunipa mkono siku ile. Alinipa mwaka uliofuata.

Bado naungama na wenzangu kila Jumapili, nami nayapenda maneno yale kuliko zamani. Lakini sasa, mchungaji anapotuachia ukimya kabla ya kuanza, nautumia ukimya huo kutafuta majina. Yakiwapo, najua kwamba Mungu amekwisha kunisamehe kwa ajili ya Kristo, bure kabisa. Na kwa sababu hiyo siwezi tena kukaa shuleni nikisahihisha madaftari. Inabidi nivae viatu niende. Yesu alifundisha kwamba mtu akikumbuka mbele ya madhabahu kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka palepale akapatane naye kwanza. Wewe msomaji ukilikumbuka jina lolote unaposoma hapa, weka kitabu hiki chini. Utakimaliza ukirudi.